Kanisa la Mtakatifu Petro la Aulnay: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kanisa hili liko wapi?

Liko Aulnay, mji mdogo wa mashambani katika mkoa wa Charente-Maritime, magharibi mwa Ufaransa, kwenye nchi ambayo tangu kale huitwa Saintonge, mahali inapopakana na Poitou. Kwa Kifaransa kanisa huitwa Saint-Pierre-de-la-Tour, yaani Mtakatifu Petro wa Mnara. Ni kanisa la parokia ya kijijini. Halikuwahi kuwa kanisa kuu la askofu, wala halikuwa la watawa wa abasia yenye utajiri na jina. Jambo hilo lizingatiwe tangu mwanzo, kwa sababu mgeni anayefika na kuona wingi wa nakshi zilizochongwa kwenye kuta zake hudhani kwamba pana askofu au mfalme aliyeishi karibu, na hakuna.

Kwa nini limesimama nje ya mji, katikati ya makaburi?

Kwa sababu lilifuata barabara, na barabara ni ya zamani kuliko mji. Warumi walikuwa na njia kuu iliyotoka Poitiers kwenda Saintes, na hapa Aulnay palikuwa na kituo chao kilichoitwa Aunedonnacum. Jirani na hapo palikuwa pia na kambi ya askari ya karne ya 1, ambayo alama zake zilitambuliwa katika karne ya 20 kwa picha zilizopigwa kutoka ndegeni: mimea ya shambani huota tofauti juu ya handaki lililofukiwa, na mistari isiyoonekana na mtu aliyesimama chini hujitokeza wazi kwa anayetazama kutoka juu. Watu waliendelea kupita njia hiyo na kuzika wafu wao kandokando yake, na kanisa likajengwa hapo hapo, huku mji wenyewe ukikua baadaye kuizunguka ngome ya mabwana wa Aulnay.

Ndiyo maana hadi leo kanisa limezungukwa na majani na mawe ya makaburi ya kale, na hakuna nyumba wala duka linalolibana. Nadhani hiyo ni bahati kubwa. Makanisa mengi ya Ufaransa yaliyojengwa wakati huohuo yamezibwa na majengo ya mjini, kiasi kwamba mtu hawezi kuyazunguka, lakini hili unalizunguka lote kwa miguu na kuliona kila upande.

Lilijengwa lini, na ni nani aliyelijenga?

Lilijengwa katika karne ya 12, na sehemu kubwa ya kazi iliyomo ni ya nusu ya kwanza ya karne hiyo na miaka michache iliyofuata. Kanisa lilikuwa mali ya makanoni wa kanisa kuu la Poitiers, yaani mapadre waliohudumu kwenye kanisa la askofu wa huko, ambalo nalo limewekwa chini ya Mtakatifu Petro. Makanoni hao walikuwa na uwezo wa kuajiri waashi na wachongaji wa daraja la juu, na hapa ndipo kijiji kilipopata kanisa la namna hii. Majina ya wachongaji hayakuandikwa popote. Wanatambulika kwa mikono yao tu, kwa jinsi mmoja alivyopenda mikunjo ya nguo na mwingine alivyopenda mwili wa mnyama uliojipinda.

Kama ilivyokuwa desturi, ujenzi ulianzia mashariki, penye altare, ili ibada ianze mapema, kisha ukasonga kuelekea magharibi. Kwa hiyo anayetembea kutoka altareni kwenda mlango mkuu anatembea pia katika miaka, kutoka kazi ya kwanza hadi ya mwisho.

Nchi hii wakati huo ilikuwa chini ya maduki, yaani watawala, wa Aquitaine, ambao walikuwa na nguvu kuliko wafalme wengi. Mmoja wao, William wa 10, alifariki mwaka 1137 huko Santiago de Compostela akiwa katika hija. Binti yake, Eleanor, aliolewa mwaka huohuo na mrithi wa kiti cha Ufaransa, ndoa hiyo ikabatilishwa mwaka 1152, akaolewa na Henry Plantagenet, ambaye mwaka 1154 alitawazwa mfalme wa Uingereza. Kwa maneno mengine, waashi wa Aulnay walianza kazi chini ya duki wa kusini, na huenda vijana wao waliimaliza chini ya mfalme wa ng'ambo ya bahari.

Hija ya Compostela inahusiana vipi na kanisa hili?

Njia moja kati ya nne kuu zilizowapeleka mahujaji kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo huko Hispania ilianzia Paris, ikapita Tours, Poitiers, Saintes na Bordeaux. Aulnay ipo kati ya Poitiers na Saintes. Mahujaji waliopumzika hapa walikuwa wakielekea Saint-Jean-d'Angély, mji ulio jirani, ambako watawa walihifadhi kichwa walichoamini kuwa cha Yohane Mbatizaji. Kwa sababu hiyo, mwaka 1998 UNESCO iliingiza kanisa la Aulnay katika Urithi wa Dunia, likiwa moja ya sehemu 78 zinazounda njia za Compostela nchini Ufaransa.

Hata hivyo, lisidhaniwe kuwa kanisa lilijengwa kwa ajili ya wapita njia peke yao. Lilikuwa la wakulima wa hapa, waliobatizwa, kufunga ndoa na kuzikwa hapa, na nakshi zake nyingi zinazungumza nao zaidi kuliko na mgeni.

Mtindo wake wa ujenzi unaitwaje, na unatambulikaje?

Ni mtindo wa Kiromaneski, uliotawala Ulaya ya Magharibi kabla ya ule wa Kigothi. Kuta ni nene, madirisha si makubwa, na uzito wa dari la mawe unabebwa na ukuta wenyewe. Ramani ya kanisa ni msalaba: ukumbi mrefu wenye safu tatu zilizotenganishwa na nguzo, mikono miwili inayotoka kaskazini na kusini, mnara juu ya makutano, na upande wa mashariki nusu duara inayofunika altare.

Linalolitofautisha na Kiromaneski cha sehemu nyingine ni mambo mawili. La kwanza ni kwamba dari la safu ya katikati na yale ya kandoni yanakaribia kulingana kwa urefu. Mpango huo ulipendwa sana Poitou. Safu za kando zikiwa ndefu hivyo, zinaibana ile ya katikati kutoka pande zote mbili na kuizuia isipanuke na kupasuka, ingawa gharama yake ni kwamba safu ya katikati haina madirisha yake yenyewe, na mwanga wote unaingia kutoka kandoni kupitia katikati ya nguzo. La pili ni kwamba dari, ambalo katika makanisa mengi ya mtindo huu ni duara kamili, hapa limechongoka kidogo juu. Kuchongoka huko hupunguza msukumo wa mawe kwenda nje na kuupeleka chini zaidi. Waashi walikuwa wameanza kuelewa kanuni ambayo baadaye waashi wa mtindo wa Kigothi waliifikisha mbali.

Nguzo zenyewe hazina umbo la duara wala mraba, bali kila moja ni kama nguzo nne zilizounganishwa mgongo kwa mgongo, zikipanda bila kukatizwa. Ukisimama ndani, jicho linavutwa juu bila wewe kujua sababu.

Kwa nini nakshi ni nyingi hivi?

Sababu ya kwanza ni jiwe. Saintonge ina mawe ya chokaa meupe, laini yanapotoka ardhini, ambayo huchongeka karibu kama mbao na kisha hukomaa yakikaa hewani. Mchongaji mwenye jiwe kama hilo hushawishika kuchonga. Sababu ya pili ni namna matao yalivyoundwa, na hii inahitaji maelezo marefu kidogo kwa sababu bila kuielewa mtu atapita mlangoni akiona urembo tu.

Katika makanisa mengi ya Burgundy na kusini mwa Ufaransa, juu ya mlango mkuu kuna ubao mpana wa jiwe wenye umbo la nusu duara, na hapo ndipo huchongwa tukio kubwa kama vile Hukumu ya Mwisho. Milango ya Saintonge kwa kawaida haina ubao huo. Mlango ni uwazi mtupu, na juu yake kuna matao kadhaa, moja nje ya jingine, kama mawimbi yanayopanuka. Kila tao limeundwa kwa mawe yaliyokatwa kwa umbo la kabari, na ni juu ya mawe haya ya tao ndipo mchongaji alipofanya kazi yake yote. Hana uwanja wa kuchora tukio moja kubwa. Ana mkufu wa mawe madogo, na kila jiwe linahitaji kitu chake.

Lango la kusini lina nini cha pekee?

Kwa maoni yangu hili ndilo bora kuliko yote, na ningemshauri mtu mwenye nusu saa tu aitumie hapa. Lipo kwenye mkono wa kusini wa msalaba na lina matao manne.

Tao la ndani kabisa ni la majani yaliyosokotana na wanyama waliojificha humo. La pili ni la watakatifu wenye miduara ya utukufu vichwani. La tatu ni la wazee waliovaa taji, kila mmoja ameshika chombo cha muziki na kitasa cha manukato, kama walivyoelezwa katika Ufunuo wa Yohana. Hapa pana jambo ambalo wageni wengi huulizia: Ufunuo unasema wazee ni 24, lakini ukihesabu wa Aulnay utawapata 31. Naamini jibu limo katika hesabu ya mwashi. Kila mzee amepewa jiwe lake moja, amesimama kuelekea kitovu cha tao, na tao lilihitaji mawe mengi kuliko wazee waliokuwepo. Mchongaji hakuwanenepesha wazee 24 ili waenee. Aliongeza wengine mpaka tao likajaa.

Ukiinama na kutazama chini ya matao haya, kwenye upande unaoelekea sakafuni ambao mpita njia haoni, utakuta vijitu vimechuchumaa na kupiga magoti, vimeinua mikono kana kwamba vinabeba watakatifu na wazee walio juu yao. Hakuna aliyelazimika kuvichonga.

Tao la nje kabisa ni la viumbe wa ajabu. Yupo bundi, yupo nguva, nusu mtu na nusu samaki, na yupo punda anayepiga kinubi. Punda huyu alijulikana sana katika mafundisho ya Zama za Kati: ana ala nzuri mikononi lakini hana sikio la muziki, kwa hiyo alikuwa mfano wa mtu aliyepewa kitu asichoweza kukithamini. Tazama mahali alipowekwa. Wazee wa mbinguni wanapiga muziki kwenye tao la tatu, na yeye yupo nje yao, hatua moja tu, anajaribu kuimba wimbo uleule. Waliolichonga lango hili walipanga muziki mtakatifu na muziki wa kipumbavu viwe jirani ili mtu avilinganishe kwa jicho moja.

Ni kweli kwamba ndani kuna tembo?

Ni kweli. Katika mkono wa kusini wa msalaba, kwenye kichwa cha nguzo, kuna tembo watatu, na juu yao yamechongwa maneno ya Kilatini: HI SUNT ELEPHANTES, yaani "hawa ndio tembo".

Msomaji wa Afrika Mashariki atatabasamu, kwa kuwa hakuna kwetu anayehitaji kuambiwa tembo ni yupi. Lakini maandishi hayo ni ya thamani kubwa. Kwa kawaida mchongaji wa Kiromaneski hakuandika jina la simba au ndege, kwa sababu waumini walimtambua au walikwisha kumwona katika nakshi nyingine. Hapa aliona lazima aandike. Mkonga umekaa mahali pake na miili ni mizito, lakini masikio ni madogo, hayafanani na yale mapana ya tembo wa kwetu. Anayemfahamu mnyama ataona mara moja kwamba mchongaji alimpata kwa kusimuliwa, au kwa kunakili kutoka kitabu cha wanyama au kitambaa kilichotoka Mashariki.

Tembo wenyewe walikuwa nadra mno Ulaya. Tembo anayekumbukwa zaidi wa zama hizo ni Abul-Abbas, aliyetumwa na khalifa Harun al-Rashid kwa mfalme Charlemagne, akafika Aachen mwaka 802 na kufa mwaka 810, karne tatu kabla ya Aulnay. Wakati huo pwani yetu ilikuwa tayari ikiuza pembe: al-Masudi, msafiri na mwandishi Mwarabu aliyeifikia nchi ya Zanj, yaani pwani hii, katika karne ya 10, aliandika kwamba pembe za ndovu zilipelekwa Oman na kutoka huko zikaenda India na China. Mnyama aliyekuwa bidhaa ya kila msimu katika bandari za Waswahili alikuwa, kwa mwashi wa Saintonge, habari ya mbali aliyotaka wanakijiji wenzake nao waijue.

Nguzo nyingine zinastahili kutazamwa pia, hasa ile ya Samsoni karibu na makutano: amelala kitandani, anafungwa kamba, na nywele zake zinakatwa kwa mkasi mkubwa usiolingana kabisa na vipimo vya watu. Mkasi umekuzwa kwa sababu ndio uliobeba kisa chote.

Na mlango mkuu wa magharibi?

Ni wa baadaye kidogo na umepangwa kwa utaratibu zaidi. Uwazi wa katikati una mlango wenyewe, na pande zote mbili kuna matao yasiyo na mlango. Katika tao la kushoto amechongwa Mtakatifu Petro akisulubiwa kichwa chini, na katika la kulia Kristo katika utukufu akiwa na watu wawili kandoni.

Juu ya mlango wenyewe, matao yanasomwa kutoka ndani kwenda nje: malaika na Mwanakondoo, fadhila zikipigana na maovu, wanawali kumi wa Injili ya Mathayo, na mwisho alama za nyota pamoja na kazi za miezi ya mwaka, ambazo sehemu yake imeharibika. Fadhila ni wanawake waliovaa mavazi ya vita, kila mmoja anamkanyaga adui yake, na majina yameandikwa: Subira dhidi ya Hasira, Unyenyekevu dhidi ya Kiburi, Ukarimu dhidi ya Uchoyo. Wanawali wapumbavu wanatambulika kwa taa zao zilizopinduliwa.

Tofauti na lango la kusini ni ya kiufundi na inafaa kuiona. Kule kila kiumbe amesimama ndani ya jiwe lake kuelekea kitovu. Hapa, katika matao ya fadhila na wanawali, miili imelazwa kufuata mkunjo wa tao, mirefu na myembamba, ikivuka kiungo cha jiwe hadi jiwe na kukutana kileleni. Mbinu hii inaruhusu hadithi yenye pande mbili: wenye hekima upande mmoja, wapumbavu upande wa pili, na Kristo juu katikati. Ni kazi ya ustadi wa hali ya juu, ingawa binafsi napenda zaidi uhuru wa lango la kusini.

Ni nini kilichopotea au kuongezwa?

Juu ya mlango wa magharibi palikuwa na sanamu ya mtu aliyepanda farasi, ambayo haipo tena. Nchi hii ilipitia Vita vya Miaka Mia na baadaye vita vya dini kati ya Wakatoliki na Waprotestanti katika karne ya 16, na nakshi nyingi za Saintonge ziliumia. Katika karne ya 15 sehemu ya mbele iliimarishwa kwa nguzo nene za kuegemeza, ambazo zimelifanya umbo la awali lionekane zito, na mnara nao uliinuliwa baada ya kazi ya kwanza.

Karne hiyo ya 15 ndiyo iliyoleta pia msalaba wa jiwe uliosimama makaburini, unaoitwa msalaba wa Hosana. Jumapili ya Matawi maandamano ya waumini yalifika hapo, Injili ikasomwa kwenye meza ndogo ya jiwe iliyojengewa kwenye msalaba wenyewe, na wimbo wa Hosana ukaimbwa katikati ya makaburi ya wazazi wao.

Mali ya nani sasa, na nani anayelitunza?

Tarehe 9 Desemba 1905 Ufaransa ilipitisha sheria ya kutenganisha Kanisa na Serikali. Tangu hapo makanisa ya parokia yaliyojengwa kabla ya sheria hiyo ni mali ya halmashauri ya mji au kijiji, huku makanisa makuu ya maaskofu yakiwa ya Serikali. Sheria nyingine ya mwaka 1907 ilihakikisha kwamba waumini na padre wao wanaendelea kuyatumia kwa ibada bila kulipa kodi. Kwa hiyo jengo ni la wananchi wote wa Aulnay, waaminio na wasioamini, lakini matumizi yake ni ya ibada.

Mzigo wa kutunza paa na mawe ya karne ya 12 ni mkubwa kwa halmashauri ndogo. Aulnay lina nafuu, kwa sababu lilikuwa katika orodha ya kwanza ya majengo ya kihistoria iliyotangazwa na Serikali mwaka 1840, na majengo ya aina hiyo hupata msaada na usimamizi wa wataalamu wa Serikali. Maelfu ya makanisa ya vijijini yasiyo katika orodha yoyote hayana kinga hiyo, na hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi.

Nikienda, nifike saa ngapi na nibebe nini?

Lango la kusini hupata jua la adhuhuri, na nakshi zake husomeka vizuri zaidi jua linapozipiga kwa upande, kabla kidogo au baada ya saa sita mchana. Mlango wa magharibi usubiri alasiri. Sehemu ya mashariki, yenye dirisha lililozungukwa na watu walionaswa katika majani yanayopanda, itazame asubuhi. Beba darubini ndogo, kwa kuwa vichwa vilivyochongwa chini ya ukingo wa paa viko juu mno kwa macho matupu, na ndani utaihitaji kwa vichwa vya nguzo. Ukikuta Misa au mazishi yanaendelea, zunguka kwanza nje mpaka yaishe, kisha uingie, ugeukie mkono wa kusini, na uinue macho ulipoandikwa ule mstari wa Kilatini.